Tangi la Dizeli Lisilipiwe Kama Kabati

Serikali ya Marekani inapowahamisha wanajeshi wake, kampuni inayosafirisha vyombo vyao kwa barabara kwa kawaida hulipwa kulingana na uzito na umbali. Hapo ndipo wajanja hupata mwanya.

Lori hupimwa likiwa tupu, kisha likishapakiwa. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo uzito wa mzigo. Hesabu ni nyepesi, lakini huchezewa kirahisi. Dereva akipima lori tupu tangi likiwa karibu kukauka, halafu akajaza lita 400 za dizeli kabla ya kipimo cha pili, ameongeza zaidi ya kilo 300 ambazo si kitanda wala kabati. Anayelipa ni mwananchi.

Ndiyo maana kanuni za shirikisho za kuhamisha vyombo hutaka tangi lijae katika vipimo vyote viwili, au mafuta yasiongezwe kati ya vipimo hivyo, na wafanyakazi washuke garini. Mwenye mzigo anaruhusiwa kushuhudia, hata kudai upimwe upya.

Haki hiyo haitoshi. Askari anayehama na watoto hana nafasi ya kulifuata lori hadi kwenye mizani. Afisa anayesimamia mkataba ndiye aagize kipimo cha marudio, hasa uzito unapozidi mno makadirio ya awali, na ankara isiyo na stakabadhi halisi za mizani irudishwe bila kulipwa.