Hafsa si Tusi: Jibu kwa Zemmour, na kwa Wanaomjibu Vibaya



Klipu ya Éric Zemmour imerudi tena kuzunguka kwenye simu zetu. Mimi nimeonyeshwa mara tatu siku moja, ya mwisho barazani baada ya Laasiri, na kila aliyenionyesha alikuwa amechemka. Haki yenu kukasirika. Lakini tukasirike kwa akili, maana maneno yaliyofuata klipu ilipoisha yalinitia aibu kuliko klipu yenyewe. Nitafika huko.

Kwa asiyemjua, huyu ni Mfaransa, mwandishi wa magazeti na mchambuzi wa siasa aliyekaa kwenye runinga miaka na miaka, halafu 2022 akagombea urais na kupata asilimia 7 ya kura. Mwaka 2010 alisema runingani kwamba wauzaji wengi wa dawa za kulevya ni weusi na Waarabu, na kwamba huo ni ukweli tu. Siku hiyo hiyo, kwenye kituo kingine, akasema mwajiri ana haki ya kumkataa Mwarabu au mtu mweusi. Mahakama ya Paris ilimtia hatiani 2011. Hakunyamaza. Alipatikana na hatia tena kwa aliyoyasema 2016 kuhusu Waislamu wa Ufaransa, akapeleka malalamiko hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na Desemba 2022 majaji wakamwambia haki yake ya kusema haikuvunjwa.

Sasa, mahakama imetoa faini, sawa. Lakini faini haijibu hoja, na kuna vijana wetu wawili watatu waliniuliza, "Lakini kaka, kama ni ukweli je?" Swali zuri, tulijibu.

Ukweli gani? Ufaransa haihesabu raia wake kwa rangi. Hakuna orodha rasmi ya kusema wafungwa kadhaa ni weusi, kadhaa weupe. Yeye anazungumza kana kwamba ameishika takwimu mkononi, kumbe ameshika hewa. Kile kinachojulikana ni hiki: mwaka 2017 ofisi ya Mtetezi wa Haki, ambayo ni taasisi ya dola ya Ufaransa yenyewe, ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba kijana wa kiume anayeonekana kuwa mweusi au Mwarabu ana uwezekano mara 20 zaidi ya wengine wa kusimamishwa na polisi na kuulizwa kitambulisho. Haya, chukua mitaa miwili yenye vijana wenye tabia zile zile. Huu upekue mifuko mara 20, ule mara moja. Bangi utaikuta wapi? Halafu unatoka unatangaza, "Si mnaona?"

Hii hesabu sisi hatuhitaji kufundishwa. Aprili 2014 polisi waliingia Eastleigh, wakakusanya maelfu ya watu, wengine wakafungiwa uwanja wa Kasarani, na wengi wao kosa lao lilikuwa sura na jina. Na wachambuzi wetu hapa nyumbani walikaa studio wakieleza kwa sauti ya upole kwamba ni lazima, usalama kwanza.

Turudi kwenye jina, kwa sababu hapo ndipo klipu inapouma. Septemba 2018 Zemmour alimwambia Hapsatou Sy, mtangazaji aliyezaliwa Ufaransa, kwamba jina lake ni tusi kwa Ufaransa. Ati mama yake angemwita Corinne. Sehemu hiyo ilikatwa kipindi kilipopeperushwa, naye dada mwenyewe akaitoa hadharani ulimwengu uione. Miaka mitatu baadaye, akinusa urais, Zemmour akataka kurudisha sheria ya 1803 ya majina, ili mtoto asiweze kuitwa Mohamed.

Hapsatou ni Hafsa. Ni Hafsa yule yule wa Majengo na wa Garissa, limepita tu kwenye ndimi za watu wa Afrika Magharibi. Na wakati Ufaransa ilipohitaji watu wa kufa, majina haya hayakuwa tusi. Akina Mamadou na Moussa waliandikishwa jeshini kwa maelfu, vita vya kwanza na vya pili. Tarehe 1 Desemba 1944, kule Thiaroye nje ya Dakar, wanajeshi Waafrika waliokuwa wametoka kuipigania Ufaransa walidai mishahara yao, jeshi la Ufaransa likawapiga risasi. Ilichukua miaka 80 hadi rais wa Ufaransa akaliita mauaji ya halaiki. Waulizeni wazee Wanubi wa Kibra, ambao babu zao walivaa sare za Mwingereza, wajukuu walipigwa msasa mara ngapi ndipo wapate kitambulisho cha Kenya. Bunduki ukibeba hakuna anayekuuliza jina, maswali yanaanza ukidai haki. Februari 2025 Rais alitangaza Wajir kwamba msasa huo umekwisha. Tutaamini tukiona Hafsa anaingia ofisini na kutoka na karatasi kama Jane.

Sasa lile la aibu. Barazani, klipu ilipoisha, mmoja akasema, "Si Myahudi huyo, ulitarajia nini?" Wote wakacheka. Jamani. Mmemsikiliza mtu akihukumu mamilioni kwa asili yao, na jibu lenu ni kumhukumu kwa asili yake? Tena mnamwachia hoja nzuri zaidi iliyoko. Familia yake ni Mayahudi wa Algeria. Ufaransa iliwapa Mayahudi wa Algeria uraia 1870, Waislamu majirani zao wakanyimwa. Mwaka 1940 serikali ya Pétain ikaufuta uraia huo kwa kalamu tu. Na Zemmour, mtoto wa watu hao, amesimama mara nyingi kudai kwamba Pétain aliwalinda Mayahudi wa Ufaransa! Mwambieni hilo. Mwambieni kwamba karatasi ya uraia ya watu wake iliwahi kuchanwa na watu wanaofikiri kama yeye.

Na tusijifanye malaika. Mombasa hapa posa inarudishwa kwa sababu kijana "hana asili", na neno mtumwa bado linatoka midomoni mwa watu wanaoswali safu ya mbele. Mnakijua kisa cha Abu Dharr, alipomtukana mtu kwa mama yake, na Mtume (s.a.w.) akamwambia bado ana ujahili ndani yake. Abu Dharr, swahaba! Hakuambiwa kwamba ni utani.

Aliyesema lile la Myahudi ni rafiki yangu. Nilimwambia pale pale, akanuna, akaondoka bila kumaliza kahawa. Jana kanitumia ujumbe anauliza habari za Thiaroye.