Mungu wa mapendo na moto wa wahubiri
Kila siku ya Mungu hapa Likasi tunasikia kwamba bankambo wetu wanaungua mu moto, sababu hawakubatizwa. Tunakatala. Walimwita Mungu Leza mbele misioni haijafika. Baba mwenye mapendo hachomi mtoto kwa habari ambayo hakuna mtu aliyemletea.

Na anayehubiri moto wa kule, mwishoni anauwasha hapa. Mu mwaka 1925 Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, alizamisha watu mu maji ya ubatizo huku Katanga, akisema ni walozi. Leo wengine wetu wanafukuza watoto kwa jina lile lile, hata kama sheria ya 2009 inakataza.

Wandugu, tujiulize: Mungu wa namna hii anafanana na Leza, ao na sisi wenyewe?