Nyumba ya Mzee na Riba Isiyolala



Huko Marekani upo mkopo wa wazee wenye nyumba waliotimiza umri wa miaka 62. Rais Reagan alitia saini sheria iliyouanzisha, chini ya bima ya serikali, mwaka 1988. Mzee hupewa fedha kwa rehani ya nyumba yake, wala halipi marejesho ya kila mwezi. Deni hudaiwa akifa, akiuza au akihama.

Maneno matamu haya! Lakini riba hailali. Kila mwezi huongezwa juu ya deni, na mwezi ufuatao hutozwa riba juu ya riba. Tena kodi ya nyumba, bima na matengenezo hubakia juu ya mzee, na hapo ndipo wengi walipokwama: fedha zimekwisha, kodi imemshinda, na nyumba aliyoahidiwa kuishi hadi kufa inanadiwa yu hai. Wajane nao waliteseka. Mume akifariki, mke asiyetajwa katika mkataba alitakiwa alipe deni lote au atoke. Ni mwaka 2014 tu ndipo aliporuhusiwa kubaki, kwa masharti, katika mikopo mipya.

Haki isemwe: warithi hawadaiwi zaidi ya thamani ya nyumba.

Kwa Muislamu, riba pekee yatosha kumzuia. Lakini mzee huyu alikimbilia benki kwa kukosa nini? Mara nyingi ni dawa na paa bovu, na watoto wapo. Enyi mlioko huko, waulizeni wazazi wenu mwezi huu: kodi ya nyumba imelipwa?