Laptop ya chuo: usinunue kwa macho



Kijana wa Laela akipata chuo, anataka laptop ya kusomea na kuposti bidhaa zake. Dukani macho yanakimbilia ile nyembamba inayong'aa. Mimi nasema chukua ya ofisini, hata used: Dell Latitude, HP EliteBook au Lenovo ThinkPad. Mara ya kwanza haivutii, haina mbwembwe. Lakini kibodi ni imara, na nyingi fundi anaongeza RAM au kubadili SSD bila shida. RAM 8GB na SSD 256GB zinatosha kwa kazi za chuo, hesabu za duka na picha za bidhaa.

Ila hela ya maharage usiitume kabla hujaishika. Chomoa chaja, itumie nusu saa, angalia betri imeshuka kiasi gani. Jaribu kila kitufe. Izime, uwashe uingie BIOS. Ikidai nywila, achana nayo. Muuzaji akikataa usijaribu, ondoka na hela yako. Kuirudisha Mbeya au Tunduma ni nauli nyingine, na hiyo nauli ilikuwa faida yako.