Mpiga Ngoma Asiye na Jina

Imezuka ada katika vyuo vikuu ambayo haina budi kupingwa. Mtafiti wa fasihi simulizi hufunga safari kwenda Bariadi, au Maswa, au Meatu, akarudi na daftari lililojaa nyimbo za Kisukuma. Jina la ningi aliyetunga limeandikwa kwa uangalifu, na kijiji chake, na msimu wimbo ulipotoka. Maneno yamefasiriwa, mafumbo yamefumbuliwa, majina ya kujisifu yamechambuliwa mpaka mizizi. Zikifika zamu za ngoma, mstari mmoja hutosha: wimbo huu huimbwa kwa ngoma. Nani alizipiga? Zilikuwa ngapi? Aliyepiga ile kubwa alikuwa na mkono wa namna gani hata wachezaji wakamfuata saa nzima pasipo kuchoka? Juu ya hayo daftari ni bubu, na wenye madaftari hawaoni kwamba kuna kosa.

Kosa lipo, nalo si dogo. Hukumu imekwisha kutolewa kimya kimya kwamba maneno ni sanaa na ngoma ni kishindo cha kuyasindikiza. Pengine lugha yenyewe imesaidia kuificha dhuluma hii. Katika Kiswahili neno moja, ngoma, limebeba chombo, na mchezo, na sherehe nzima. Mtu akisema ngoma ilikuwa nzuri jana, haijulikani kama amesifu ngozi, au miguu, au pombe. Mpigaji amepotea humo ndani kama sindano katika pamba.

Watu hao hao, wakiwa mezani kwao jioni, hawasemi hivyo juu ya ngoma za wengine. Aghalabu ni watu wa kupenda muziki wa roki wa Uingereza na Marekani, na hapana ubaya. Watakueleza kwamba John Bonham wa kundi la Led Zeppelin alikuwa na mguu mzito, na kwamba alipiga nyuma kidogo ya wakati hata wimbo ukaonekana kuvutwa na ng'ombe. Watakueleza jinsi kundi lile lilivyorekodi wimbo wa When the Levee Breaks, uliotoka mwaka 1971, katika nyumba kuu kuu iitwayo Headley Grange: ngoma zake ziliwekwa sakafuni chini ya ngazi, maikrofoni mbili zikatungikwa juu, na nyumba yenyewe ikawa sehemu ya chombo. Watasema pia kwamba Ringo Starr wa Beatles, mtu wa mkono wa kushoto aliyepiga ngoma zilizopangwa kwa mtu wa mkono wa kulia, alipata mipito ambayo wengine hawakuiwaza, na kwamba baadhi ya sauti zake nzito na fupi zilitokana na vitambaa vya jikoni vilivyofunikwa juu ya ngozi. Yote haya ni kweli, tena ni elimu nzuri. Ni elimu ya kusikia. Inamfundisha msikilizaji kutenganisha mkono na mkono, chumba na chumba, ngozi kavu na ngozi iliyofunikwa. Ajabu ni kwamba masikio hayo yaliyofunzwa huvuliwa kama viatu mlangoni pindi mwenyewe anapovuka mpaka wa Simiyu.

Wako watakaojibu kwamba mfano huu haufai. Watasema Bonham ni mtu mmoja mwenye mtindo wake, lakini ngoma ya Usukuma ni mali ya jumuiya, haina bwana, na kuitafutia jina la mtu ni kuivika kofia ya Kizungu. Jibu hili lina sura ya heshima, na ndiyo sababu limedumu. Walakini halisimami mbele ya mambo yalivyo. Jamii yenyewe ya Wasukuma imegawa wachezaji wake katika Wagika na Wagalu, vyama viwili vya tangu karne ya 19, na msimu wa mavuno ukiisha vyama hivyo hukutana uwanjani kushindana. Huchezwa kwa pamoja, upande huu na upande ule, na hakimu ni watu: palipo na umati mkubwa ndipo palipo na ushindi. Mtazamaji hupiga kura kwa miguu yake. Katika shindano la namna hiyo hakuna awezaye kudai kwamba mkono mmoja ni sawa na mwingine. Ng'wana Malundi, mchezaji na mganga aliyewaongoza Wagika, jina lake lingali likitajwa mpaka leo, vizazi kadhaa baada ya kufa kwake. Watu wanaohifadhi jina la mchezaji kwa muda wote huo si watu wasiojua thamani ya mtu mmoja. Jina la mpigaji limeachwa na mwandishi.

Msikilizaji asiyefumba masikio atasikia nini? Na achukuliwe mfano wa bugobogobo, ngoma ya jembe. Asili yake ni kazi: vikundi vya wakulima walioalikwa kulima shamba la mtu, safu moja ya majembe mbele, ngoma nyuma yao. Kilimo cha pamba kilipopanuka katika miaka ya 1940 na 1950, na mashamba mapya yakafunguliwa upande wa mashariki ambao leo ni mkoa wa Simiyu, vikundi hivi vilikuwa na kazi nyingi. Hapo mpiga ngoma hakuwa mpambaji. Mapigo yake yalikuwa kipimo cha jasho. Akiharakisha mno, safu inakatika na wenye pumzi fupi wanaachwa. Akilegea, jembe linakuwa zito mikononi na jua linaonekana kali kuliko lilivyo. Yampasa ausome mgongo wa mtu wa mwisho, si wa yule wa kwanza. Na majembe yanaporushwa hewani na kudakwa, pigo zito lazima lifike pamoja na mpini kiganjani. Ufundi huu haumo katika maneno ya wimbo, wala hautapatikana humo kwa fasiri yoyote.

Ngoma yenyewe inataka kusikilizwa kabla ya kupigwa. Ngozi hupashwa moto ikaze, ikilegea kwa umande hurudishwa motoni. Mpigaji hugonga, husikiliza, huigeuza upande, hugonga tena. Sauti ya saa nne asubuhi si sauti ya saa kumi jioni. Yule bingwa wa Headley Grange alihitaji nyumba yenye ngazi ili ngoma ipate mwangwi wake. Mpigaji wa Bariadi ana uwanda mpana usio na ukuta, ambapo sauti isipokuwa na nguvu ya kwenda mbali hairudi. Kwa hiyo amejifunza kuitupa. Huu ni mtindo, na una sababu zake katika ardhi.

Historia ya kunasa sauti nayo ina lawama yake. Karl Weule alipotembea kusini mwa Tanganyika mwaka 1906 alichukua kinanda cha nta, naye alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kunasa sauti za nchi hii. Chombo cha aina ile kiliipenda sauti ya mtu aliyeimba karibu na pembe yake, ngoma kilizichukia. Hata huko Marekani, kabla ya maikrofoni za umeme kuenea kuanzia mwaka 1925, wapiga ngoma wa jazi waliombwa kuacha ngoma kubwa na kugonga vijiti na vipande vya mbao, kwa kuwa kishindo kiliivuruga sindano. Basi kwa miaka mingi maneno yalisikika na ngoma hazikusikika, na mwanachuoni akazoea kuamini kwamba kilichonaswa ndicho kilichokuwako. Chombo kilibadilika, lakini mazoea yakabaki.

Hugh Tracey alikuwa mwenye masikio bora. Alipopita Tanganyika mwaka 1950 akinasa muziki wa makabila mengi, wakiwamo Wanyamwezi na Wasukuma, alishika maikrofoni mkononi akaisogeza karibu na mbali kadiri muziki ulivyomtaka. Kwa hiyo katika santuri zake ngoma ina mwili. Msikilizaji hujua ipo wapi. Ni aibu kwamba mtu anayetaka kusikia vizuri mikono ya kizazi kile huelekezwa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, kabla ya kuelekezwa mahali popote Tanzania.

Na Dar es Salaam je? Huko kuna kisa ambacho kila Mtanzania wa umri wa kutosha alikisikia bila kukijua. Kwa miaka mingi taarifa ya habari ya Redio Tanzania ilitanguliwa na ngoma. Mpigaji wake alikuwa Mzee Morris Nyunyusa, kipofu, aliyejizungushia ngoma nyingi za ukubwa mbalimbali akazipiga peke yake kana kwamba ni kundi zima. Huenda hakuna Mtanzania mwingine ambaye kazi ya mikono yake imesikiwa mara nyingi kuliko ya mzee huyu. Wakulima wa Bariadi waliweka majembe chini kwa sauti ile, wafungwa waliijua, watoto waliigeza juu ya masufuria. Ulizeni sasa katika darasa lolote la fasihi: ni wangapi watalitaja jina lake? Kama huyu aliyepigwa kila siku nchi nzima hajulikani, atajulikanaje yule wa Itilima aliyesikika hadi mto wa pili tu?

Kutojulikana huku si jambo la fahari peke yake. Kuna mali ndani yake. Mwaka 1967 Wafaransa walinasa wapiga ngoma wa Burundi, majirani wa karibu, na santuri ikatolewa. Mwaka 1971 mwanamuziki mmoja huko Ufaransa akaichukua sauti ile, akatia gitaa na kinanda juu yake, akaiita Burundi Black, na ikauzwa Ulaya mpaka ikaingia katika orodha ya nyimbo zilizonunuliwa sana Uingereza. Ilipofika miaka ya 1980 na 1981, makundi ya vijana wa London, kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow, yalijipatia umaarufu kwa mapigo yaliyoiga yale. Waandishi wa magazeti wakayapa jina: pigo la Burundi. Nchi ilitajwa, watu hawakutajwa. Jina la nchi halilipwi chochote, wala haliwezi kusimama mbele ya hakimu likadai haki. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika, na hilo ni jema; lakini heshima hiyo ilikwenda kwa ngoma, na wale waliopiga mwaka 1967 hawakurudishiwa senti kwa hiyo. Hata Ginger Baker, Mwingereza aliyesifiwa kwa kupiga kama Mwafrika, alifunguliwa masikio na santuri za wapiga ngoma wa Kitutsi alizosikilizishwa na mwalimu wake Phil Seamen. Vitabu vinamtaja Baker, na vinamtaja Seamen, kisha vinasema: Watutsi.

Tanzania inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayomtambua mtendaji wa sanaa na haki yake juu ya kurekodiwa kwa utendaji wake. Sheria nzuri. Lakini mtendaji ni mtu, na mtu hutambuliwa kwa jina. Mtafiti anayeandika tu kwamba ni ngoma ya Wasukuma amemvua mwenyeji wake haki hiyo kabla hajaijua, naye amefanya hivyo kwa nia njema na kwa kalamu ya serikali.

Haifai lawama yote iwaangukie wasomi. Katika miji ya kanda ya Ziwa vyumba vya kurekodi vimeongezeka, na nyimbo za Kisukuma zinatoka kila wiki. Ningi hubaki; mpiga ngoma ametolewa nje, mahali pake pamechukuliwa na kompyuta. Kijana mwenye chumba atasema kwamba ngoma halisi inagharimu, inachukua nafasi, inavuma ovyo katika chumba kidogo. Maneno yake ni ya kweli kwa kiasi chake, maana ngoma iliyotengenezwa kwa uwanda haikupata kukubali kufungiwa. Lakini nani alimwambia airekodi ndani? Kule Nyakabindi, kando ya Bariadi, maonyesho ya Nane Nane ya kitaifa yalifanyika mwaka 2018 na kuendelea hadi 2020. Umati ulikuwapo, umeme ulikuwapo, na uwanda ulikuwapo wa kutosha sauti yoyote. Simu zilizoinuliwa hazikuwa na idadi. Simu hizo hunyanyua sauti ndogo na kuiponda kubwa, ndiyo kazi iliyowekwa ndani yake ili mazungumzo yasikike. Ngoma ikipita humo hutoka kama debe. Kisha mtoto wa Arusha aliyesikia debe hilo husema ngoma za Usukuma ni kelele, na hukumu yake huchukuliwa kuwa ladha.

Huko Bujora, katika Kisesa, makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement yamehifadhi baadhi ya ngoma za watemi. Utemi uliondolewa kisheria mwaka 1963, ngoma zikabaki. Mgeni huonyeshwa mbao na ngozi, huelezwa ilikotoka kila moja. Mbao hizo ni za thamani, na aliyezitunza anastahili shukrani. Walakini ngoma iliyosimama ukutani ni sawa na jembe lililotundikwa, na hakuna awezaye kuliangalia akajua shamba lililimwaje.

Linalotakiwa halihitaji fedha za wafadhili. Msimu wa pamba ukifika na vikundi vikianza kukusanyika tena viwanjani, mtafiti atakayepelekwa Simiyu achukue maikrofoni mbili badala ya moja. Moja aiweke mbali na umati, upande wa upepo, imnasie uwanda. Ya pili aisogeze karibu na ngozi ya ngoma kubwa, lakini si karibu mno. Kabla ya kuuliza maana ya neno lolote la wimbo, amwendee mtu aliyekaa nyuma ya ngoma, ampe shikamoo kama ni mtu mzima, aulize jina lake na la baba yake, na nani alimfundisha, na nani alimfundisha huyo. Ayaandike hayo juu ya ukurasa, mahali lilipozoea kukaa jina la wimbo. Na mhariri atakayeyahamishia chini kwa kuwa hayahusu fasihi, aambiwe ayarudishe.