Samadi ni ya Nani?

Katika vihamba vya Kilimanjaro ng'ombe hulishwa zizini. Majani yake hukatwa na mama, pengine huko tambarare, akayapandisha mlimani kichwani. Zizi husafishwa na yeye pia. Lakini siku ya kutoa samadi, baba huamuru yote iende kwenye kahawa, na bustani ya mama ya mchicha hubaki na majivu ya jikoni. Twauliza: je, hii ni haki?

Tumejibiwa kwamba kahawa ndiyo iletayo ada ya shule. Hatukatai. Ila mtoto huyo huenda shuleni akiwa amekula, na mboga zake zimetoka katika bustani ile iliyonyimwa.

Tena samadi yenyewe yaharibiwa. Hutupwa uani, ikapigwa na jua na mvua hata naitrojeni ikapotea. Au humwagwa mbichi, ikaunguza miche. Ingepangwa kwa matabaka pamoja na majani makavu, ikafunikwa kwa majani ya migomba na kugeuzwa kila baada ya wiki mbili tatu, joto lake lingepita nyuzi 55, na likidumu siku kadhaa huua mbegu za magugu na mayai ya minyoo. Mbolea ya chumvichumvi ilipopanda bei mwaka 2022 tulilalamika sote, huku utajiri huo ukioza nyuma ya nyumba.

Basi twadai: mboji ikiiva, mama apewe fungu lake kwanza, na aamue mwenyewe litakwenda wapi. Baba naye ashike uma, maana kugeuza rundo si kazi nyepesi.