Picha na Kipimo: Khabari ya Mto Elwha

Wasomaji wetu, husemwa kuwa aliyeona kwa macho hahitaji kuambiwa. Mwezi huu twapenda kuonyesha kwamba jicho nalo lina haja ya mwalimu.

Katika jimbo la Washington, Marekani, uko mto uitwao Elwha. Mwaka 1913 ulizibwa kwa ukuta ili kupata umeme, na mwaka 1927 ukajengwa wa pili juu yake, wenye kimo cha mita 64. Kuta zote mbili hazikuwekewa njia ya samaki. Salmoni, ambao hukulia baharini na kurudi mtoni kuzaa, wakabakiwa na kipande cha kilomita 8 tu. Nao wenyeji wa pale, watu wa Klallam, wakapungukiwa na riziki.

Baada ya madai ya miaka mingi, sheria ilipitishwa mwaka 1992, na kazi ya kubomoa ikafanywa toka 2011 hata 2014. Kamera ziliwekwa mahali pamoja zikipiga picha mfululizo; zilipounganishwa, mtazamaji aliuona ukuta ukipungua na mto ukirejea njia yake.

Lakini picha peke yake ingeliweza kudanganya. Nyuma ya kuta palilundikana tope na mchanga, yapata mita za ujazo milioni 20. Zilipoondolewa, maji yaligeuka rangi ya udongo hadi baharini. Asiye na ilimu angelisema: mto umekufa! Wataalamu, waliokuwa wakipima tope lile, walieleza kuwa ndilo lililokosekana mdomoni mwa mto kwa muda wa karibu miaka mia. Na kweli, ufuo uliokuwa ukiliwa na mawimbi ulijengeka upya, na mwaka 2014 salmoni wakaonekana wamepita pale uliposimama ukuta wa pili.

Basi, enyi vijana, simu zenu zina kamera. Simameni mahali pale pale, majira yale yale kila mwaka, mpige picha ya mto wenu, mkiandika tarehe na kina cha maji. Nanyi wazee, waelezeni ulivyokuwa zamani. Hivyo, siku mtakapokwenda kudai mto wenu utunzwe, mtakwenda na ushahidi, wala si manung'uniko matupu.